Kando ya kamba ya Mei Mosi, tuwekeeni na rangi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wafanyakazi wenzangu, hasa sisi wa zamu, na kupitia kwao niseme na wakuu wetu wa kazi. Jambo langu ni uchoraji wa picha. Najua wapo watakaofunua ukurasa mwingine wakiliona neno hilo, kwa kuwa kwetu mtu mzima anayechora hudhaniwa ama anatafuta watalii ama hana shughuli. Mimi shughuli ninazo tele. Ni muuguzi mkunga hapa Ujiji, mama wa watoto watatu, na ujana wangu wote umepita katika wodi ya wazazi. Nachora baada ya kazi, siuzi, na kuchora kumenirudishia furaha ambayo nilishaanza kuiona ikiniponyoka.

Wengi hawajui kwamba ukunga ni kazi ya kusoma rangi. Mama akipokelewa, tunavuta kope lake la chini tuone kama ana damu ya kutosha. Chupa ikipasuka, tunatazama maji: yakiwa maangavu tunashukuru, yakiwa ya kijani tunajua mtoto ameshajisaidia tumboni na huenda amechoka. Akishajifungua, macho yetu hayatoki kwenye damu: inatoka kwa kasi gani, inaganda au haigandi. Mtoto naye, tukishamkausha, tunampa alama dakika ya kwanza na dakika ya tano. Alama hizo alizibuni daktari Mmarekani, Virginia Apgar, mwaka 1952, na zinatazama mambo matano: upumuaji, mapigo ya moyo, nguvu ya misuli, anavyoshtuka akiguswa, na rangi. Kwa watoto wetu, ngozi ya kifua haikuambii mengi. Unafungua mdomo utazame ulimi. Unageuza viganja na nyayo. Ulimi ukiwa wa waridi, unamlaza kifuani kwa mama yake. Ukiwa wa buluu iliyofifia, unashika ambubegi, ule mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono, na kuanza kumpumulisha, na hapo hakuna anayesema neno chumbani mpaka mtoto alie.

Fikiria sasa mtu anayekesha hivyo. Kila rangi inayopita mbele ya macho yake ni hukumu. Waridi ni uzima, buluu ni hatari, kijani ni hofu, nyekundu ikizidi ni mbio. Saa moja unusu asubuhi anakabidhi zamu, anatia sahihi kwenye rejista, anapanda bodaboda kurudi nyumbani. Mwili unataka kitanda, macho yanakataa kufumba. Ukiyafumba yanaendelea kukagua.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu uliokithiri wa kazi katika orodha yake ya kimataifa, likauita hali inayotokana na kazi, na likautajia dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi moyoni hata kuichukia, na kujiona hufanyi vizuri tena. Hiyo ya pili niliitambua mara moja nilipoisoma. Moyo wangu ulikuwa umeanza kukaa nje ya wodi mwili ukiwa ndani. Wenzangu walinipa ushauri wa kawaida: chukua likizo, nenda kasalimie kijijini, funga na uombe. Yote nilifanya, na yote yana kheri yake. Lakini likizo inaisha, na macho unarudi nayo yaleyale.

Brashi niliikuta Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma. Ilikuwa mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Mwalo ulikuwa umetulia, mitumbwi imevutwa juu mchangani, na mdogo wangu, ambaye ni mvuvi, alikuwa amempa mzee mmoja kazi ya kumpakia mtumbwi wake rangi na kuuandika jina. Nilimpelekea mdogo wangu chakula, nikaketi kumtazama yule mzee. Mkono wa kushoto ameshika kijiti kirefu, ncha yake ameiegemeza kwenye ubao wa mtumbwi. Mkono wa kulia umelala juu ya kijiti, na brashi nyembamba inatembea bila kutetemeka. Anavuta herufi nzima kwa mkupuo mmoja. Nikamuuliza kwa nini harudii pale rangi ilipokuwa nyepesi.

"Rangi ya mafuta haipendi kubembelezwa, nesi," akaniambia. "Vuta mara moja, inua mkono, iache. Ukiirudia ikiwa inaanza kushika, itakuaibisha."

Akanipa kipande cha plaiwudi na masalio ya kopo la buluu. Nilipaka mstari, kisha mwingine. Ilikuwa buluu ileile ya ulimi inayonitoa jasho usiku, na hapo mwaloni haikuwa inamtishia mtu yeyote. Sikuwa na la kuikimbilia. Niliitazama tu ikikauka, nikasikia mabega yangu yakishuka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa muda mrefu sana.

Hilo ndilo ninalotaka wenzangu walielewe. Kila kazi ina kiungo chake inachokichosha kuliko vingine. Mhasibu huchoka kwa tarakimu, dereva kwa barabara, mwalimu kwa sauti yake mwenyewe. Kupumzika kwa kulala hakutoshi, kwa sababu kiungo kile kinahitaji kupewa kitu kilekile kikiwa hakina hatari ndani yake. Mimi nilihitaji kupewa rangi ambayo haitaniletea kesi ya kufa na kupona. Huenda wewe unahitaji kitu kingine, kuimba au kufuma ukili. Lakini nitaizungumzia rangi kwa kuwa ndiyo niijuayo, na kwa kuwa hapa Kigoma tunaishi mbele ya utajiri wake na tunaupita kila siku tukikimbilia daladala.

Chukua ziwa. Mtu akiulizwa ziwa lina rangi gani atasema buluu, na dukani kuna kopo la buluu, basi. Nilipojaribu kulipaka kwa buluu ya kopo, likatoka kama ukuta wa duka. Nikaanza kwenda Katonga na Bangwe siku zangu za mapumziko kulitazama. Karibu na mchanga maji ni ya kijani chepesi, kwa sababu unaona chini. Hatua chache mbele kijani kinakatika ghafla na buluu nzito inaanza, kwa kuwa ardhi imeporomoka. Ziwa hili lina kina kinachokaribia mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na maji yake ni maangavu mno: mwanga unazama ndani na kinachorudi kwenye jicho ni buluu peke yake. Ile buluu nzito siipati kwa kuongeza nyeusi. Nyeusi inaiua. Naipata kwa kutia tone la hudhurungi katika buluu, nikikoroga taratibu kwa kijiti cha mswaki kilichotafunwa, mpaka ifike mahali inapokaribia kuwa giza bila kuwa chafu.

Ng'ambo kuna milima ya Kongo. Julai na Agosti, moshi wa mbuga zinazochomwa na vumbi la kiangazi huifunika, na mgeni anaweza kukaa wiki nzima asijue kwamba iko. Mvua za kwanza zikinyesha, siku moja unaamka imesimama pale, na mabonde yake unayahesabu. Milima hiyo nayo si buluu ya ziwa. Ni buluu iliyojaa nyeupe na nyekundu kidogo sana, kiasi cha ncha ya kijiti; na kila safu iliyo nyuma inapauka kuliko iliyo mbele. Hayo sikuambiwa na mtu. Niliyaona kwa kukaa na kutazama, na furaha ya kuyaona sijui niieleze vipi. Nimezaliwa hapa. Nilikuwa nimeishi na milima ile miaka yote bila kuiona.

Dagaa ndio walionitesa zaidi. Ziwa lilipofunguliwa nilitaka kumchora bibi mmoja anayeanika Kibirizi: ameinama juu ya kichanja, kanga ameifunga kiunoni, anawatandaza kwa viganja viwili. Bibi alitoka. Kanga ilitoka. Dagaa walikuwa majivu. Nilipaka kijivu, nikapaka nyeupe, nikafuta kwa thina, nikaanza tena. Hatimaye nikamchukua dagaa mmoja mbichi, nikamweka kwenye sahani nyeupe dirishani, nikamtazama kama ninavyomtazama mtoto wa dakika ya kwanza. Nikaona kwamba ile rangi ya fedha tunayodhani dagaa anayo haiko. Mgongo ni kijani cha kiza, ubavu una buluu na waridi jepesi, tumbo ni jeupe, na katikati kuna mstari mmoja mwembamba wa mwanga. Jicho ndilo linaloviunganisha vyote likasema ni fedha. Nikapaka hivyo, mistari midogo midogo, mmoja mmoja, jioni baada ya jioni. Picha hiyo iko ukutani kwangu sebuleni na siitoi kwa bei yoyote.

Bei ndiyo inayoulizwa kwanza. Jirani akiingia, kabla hajauliza ni nani au ni wapi, anauliza, "Hii utauza shilingi ngapi?" Siwalaumu, maisha ni magumu na kila mtu anatafuta cha kuongezea mshahara. Lakini nikiuza nitapokea oda, nikipokea oda nitapangiwa siku, na nikipangiwa siku nitakuwa nimejiongezea zamu nyingine. Kwa mtu ambaye riziki yake yote inategemea brashi ni habari tofauti, na namheshimu. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za dukani juu ya hadibodi, akiuza ili ale. Ninachokikumbuka mimi kila ninapomtaja ni kwamba alifanya kazi pia Hospitali ya Muhimbili. Mtu wa wodi, kama sisi. Alikufa mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kuchora, na mtindo wake unajulikana duniani hadi leo. Ufaransa kulikuwa na Henri Rousseau, mtoza ushuru wa mizigo iliyoingia Paris, aliyechora nje ya saa za kazi mpaka alipostaafu akiwa na miaka 49. Alichora misitu na simba bila kutoka nchini kwake, akijifunzia kwenye bustani ya mimea ya mjini. Sisi msitu wa Gombe tunaufikia kwa boti.

Kwa wanaotaka kuanza, vifaa vyote vinapatikana hapa Kigoma katika soko la Mwanga na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Nunua makopo madogo manne: nyeupe, buluu, nyekundu na njano. Kwa hizo utapata karibu kila kitu, hata kijani cha michikichi, ambacho ni njano na buluu pamoja na nyekundu kidogo ya kuipunguzia makali. Kipande cha hadibodi au plaiwudi seremala atakupa kwa bei ndogo kutoka kwenye mabaki yake. Ukitaka kitambaa, tumia marikani: kigongomee kwenye fremu ya mbao, kipake gundi ya mbao iliyoyeyushwa kwa maji, kikikauka kipake rangi nyeupe ya maji mara mbili. Hapo unayo turubai. Brashi ndogo ndizo adimu. Nawaomba wenye maduka ya vifaa vya shule waziagize, maana zilizopo nyingi ni za kupakia kuta.

Na hapa naomba nivae gwanda langu la kazi. Rangi ya mafuta na thina vina harufu inayoingia kichwani. Chora barazani au dirisha likiwa wazi, usichore chumba walicholala watoto, na soma maandishi ya kopo uhakikishe rangi haina madini ya risasi, kwa kuwa risasi huharibu ubongo wa mtoto tangu tumboni. Mama mjamzito atumie rangi ya maji. Nayo ina uzuri wake: inakauka upesi, na wanaopata nusu saa kati ya kuinjika ugali na kuepua mboga itawafaa kuliko ya mafuta.

Muda ndio kisingizio chetu sote. Mimi sijaongezewa saa. Nikitoka zamu ya usiku, naoga, nakunywa chai, nakaa barazani na ubao wangu kabla ya kulala, siku nyingine kwa muda mfupi kuliko wa kunywa hiyo chai. Nikimaliza, nalala usingizi wa kweli. Zamu inayofuata naingia na macho mapya. Nasema macho kwa maana halisi: sasa naona mapema zaidi mdomo unapoanza kubadilika, kwa kuwa nimejifunza kutofautisha waridi na waridi. Mwaka huohuo wa 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyokusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000, ikaonyesha kwamba sanaa inasaidia kukinga maradhi na kuyatibu. Wakuu wa kazi wanaopenda takwimu wana pa kuanzia.

Siku hizi siko peke yangu. Jumamosi alasiri hukusanyika wachache barazani kwangu: karani mmoja wa bandarini, dereva wa gari la wagonjwa, mwalimu wa hesabu, na shangazi yangu aliyestaafu posta. Karani anachora meli ya Liemba tu. Ameichora ikipakia, ikiwa tupu, ikitoka gatini na watu wamejaa juu. Anajua kila tundu la meli ile iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapahapa Kigoma. Dereva alikuja mara ya kwanza akasema yeye ataangalia tu. Tulimwachia kipande cha ubao pembeni. Alichora barabara ya Mwandiga ikiwa haina gari hata moja, udongo mwekundu na miembe pande zote mbili, kisha akasema ndivyo anavyotamani kuiona siku moja usiku anapokimbiza mama mwenye uchungu. Tulinyamaza wote. Shangazi akamwongezea chai.

Baraza langu limejaa, na huko ndiko barua hii inakoelekea. Kila mwaka Mei Mosi tunapewa fulana, tunaandamana, tunavuta kamba, tunacheza netiboli. Wenzetu wa wizara na idara wana mashindano yao ya michezo ya SHIMIWI, na humo mna kamba, mbio, baiskeli, hata bao na karata. Ni mambo mema na nimevuta kamba hiyo mwenyewe. Lakini asiye na miguu ya mpira wala mikono ya kamba anabaki kushangilia, na wengi wa hao ni watu wazima wenye magoti mabovu ambao ndio waliochoka kuliko wote.

Naomba wanaoandaa Mei Mosi hapa Kigoma waweke meza mbili pembeni ya uwanja, karatasi ngumu, makopo manne ya rangi ya maji na brashi. Sihitaji kombe wala mshindi. Naomba pia walimu wakuu wa shule za Ujiji, Gungu na Mwanga watufikirie: madarasa yenu yanakaa matupu Jumamosi alasiri, yana madirisha makubwa na madawati. Tufungulieni moja. Tutafagia wenyewe, tutaleta rangi zetu na magazeti ya kutandika chini, na mtoto wa shule atakayependa kukaa nasi tutampa ubao wake. Na wewe mfanyakazi wa Dodoma, Tabora au Mtwara unayesoma hapa, ukiwa na kundi kama letu, liandikie gazeti hili utueleze mnapata wapi brashi nyembamba za herufi. Yule mzee wa Kibirizi zake zinaelekea kuisha, na ametuahidi kutufundisha mkupuo wa herufi tukimpatia nyingine.

Muuguzi mkunga,
Ujiji, Kigoma